Kuanzisha kampuni ya kusambaza wafanyakazi: je, 40% juu ya mshahara inatosha?

Mwanzilishi20 aliuliza:

Wakuu, salaam kwenu. Nataka kufungua kampuni ya kusambaza wafanyakazi: wapakiaji wa ghalani, wafungaji wa mizigo na wasafishaji. Kuna mwenye ghala amekubali kwa mdomo kuchukua watu 20, saa 9 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Mwajiri nitakuwa mimi, yeye atanilipa kwa saa. Anataka ankara moja kila mwisho wa mwezi, kisha apewe siku 30 za kulipa. Bei aliyotaja ni mshahara wa mfanyakazi na 40% juu yake.

Kwa macho yangu hiyo 40% ni nono. Naomba mnisaidie haya: mtaji wa kuanzia ni kiasi gani na unaenda wapi? Leseni inahitajika? Mkataba na mwenye ghala uwe na nini? Na je, naruhusiwa kuwatoza wanaotafuta kazi ada ya usajili? Naona wengi wanatoza.

Ili tusivutane kuhusu sarafu na nchi, tuseme mshahara ni 100 kwa saa na unalipwa kila wiki. Kila msomaji ataweka namba zake.

Kikokotoo alijibu:

Hiyo 40% si faida yako, mkuu. Ni kapu, na ndani ya kapu hilo kuna likizo, michango, bima, buti, na chini kabisa ndiyo upo wewe.

Anza na siku za kazi. Mwaka wa siku 5 kwa wiki una siku 260. Tuseme sheria inakudai likizo ya siku 21, sikukuu 10, na ugonjwa tukadirie siku 5. Hizo siku 36 mfanyakazi utamlipa, lakini mteja hazilipii, maana analipia saa zilizofanywa tu. Siku unazoweza kuuza ni 224. Gawanya 36 kwa 224, unapata 16%. Wengi hugawanya kwa 260 wakapata karibu 14%, wakaona tofauti ni ndogo. Subiri uone faida yenyewe ni ngapi.

Kwa saa moja inayolipiwa:

Mshahara: 100
Likizo, sikukuu na ugonjwa: 16
Michango ya hifadhi ya jamii, tuseme 10% ya 116: 11.6
Bima ya ajali kazini, tuseme 2% ya 116: 2.3
Sare na vifaa vya kinga: 3
Jumla: 132.9

Viwango vya michango na bima ulizia kwenu, vinatofautiana sana. Bima hasa: msafishaji wa ofisi na mpakiaji wa magari hawamo kwenye daraja moja la hatari, na ukimwandikisha mpakiaji kama msafishaji ili ada ishuke, siku akiangukiwa na mzigo utalipa mwenyewe.

Sasa ukitoza 140, umebakiwa na 7.1 kwa saa. Hiyo ni 5% ya ankara. Watu 20 kwa saa 45 ni saa 900 kwa wiki, kwa hiyo wiki nzima inakuingizia karibu 6,400. Msimamizi mmoja tu wa kupanga zamu na kukusanya saa, ukimlipa 150 kwa saa, mshahara wake peke yake ni 6,750 kwa wiki. Yaani umekwisha kuingia hasara kabla ya simu, nauli, mhasibu na riba.

Ukitoza 155 unabakiwa na 22.1 kwa saa, kama 14% ya ankara, karibu 19,900 kwa wiki. Hapo kuna biashara. Msichanganye asilimia juu ya mshahara na asilimia ya ankara. Mteja huzungumza kwa ya kwanza kwa sababu inaonekana kubwa, ila kinachokulisha ni ya pili.

Hata hiyo 3 ya vifaa ichunguze. Seti ya buti, fulana ya kuakisi mwanga, glavu na kofia ngumu tuseme ni 1,500. Ikidumu saa 500, ni 3 kwa saa. Mtu akiondoka nayo baada ya wiki 2, yaani saa 90, imekugharimu karibu 17 kwa kila saa aliyofanya. Kwenye bei ya 140 mtu huyo kakutia hasara kuanzia saa ya kwanza mpaka ya mwisho, ingawa kila siku alifika kazini.

Na kuna mtego mwingine ambao mteja hatautaja: saa za ziada. Ukikubaliana bei moja ya 155 kwa kila saa, halafu sheria ikakutaka ulipe mara moja na nusu baada ya saa za kawaida, mshahara umekuwa 150, michango na bima juu yake 18, jumla 168. Unapoteza 13 kwa kila saa ya ziada, na mteja ndiye anayeamua ziwe ngapi. Bei ya saa za ziada, usiku na sikukuu iandikwe kwenye mistari yake yenyewe.

Daftari_la_Fedha alijibu:

Kikokotoo kamaliza upande wa bei. Mimi niguse mtaji, maana kampuni hizi hufa zikiwa na faida kwenye karatasi na hazina fedha ya mishahara ya Ijumaa.

Kazi yako halisi itakuwa kumkopesha mteja mishahara. Tazama masharti aliyokupa. Kazi inaanza siku ya 1. Ankara inatoka siku ya 30. Siku 30 za kulipa zinaishia siku ya 60. Weka siku 10 za kuchelewa, ambazo ni jambo la kawaida kabisa hata kwa mteja mwema, maana mtu wa kuidhinisha kasafiri au ankara imekosa namba ya oda. Fedha ya kwanza inaingia siku ya 70. Mpaka hapo umekwisha kulipa mishahara mara 10, kila mara 90,000. Jumla 900,000. Ongeza michango na bima ya miezi miwili, kama 93,000. Basi unahitaji karibu milioni 1 kwa vipimo vyako vya mshahara wa 100 kwa saa, bila kuhesabu kodi ya pango, leseni wala dhamana.

Badilisha masharti tu, watu walewale na bei ileile: ankara kila wiki, malipo ndani ya siku 7, kuchelewa siku 10 zilezile. Ankara ya kwanza inatoka siku ya 7, fedha inaingia siku ya 24. Umelipa mishahara mara 3, yaani 270,000. Siku za malipo zimekupunguzia mtaji kwa zaidi ya theluthi mbili, na hukumwomba mteja hata senti moja zaidi. Ndiyo maana nasema ukilazimika kuchagua kati ya kupigania bei na kupigania siku, anza na siku.

Ukilipa mishahara kwa mwezi badala ya wiki, kwa masharti yake ya sasa hitaji linashuka mpaka karibu 771,000 kabla ya michango. Nafuu ipo ila si kubwa, na kwa kazi za kupakia watu wengi hawasubiri mwezi. Watahamia kwa anayelipa Ijumaa.

Kodi ya ongezeko la thamani isikupitie. Kuna nchi inatozwa kwenye ankara nzima pamoja na mishahara, kuna nchi inatozwa kwenye ada yako tu. Ikiwa ni ankara nzima na inadaiwa kwa tarehe ya ankara, utaipeleka serikalini kabla mteja hajakulipa. Muulize mhasibu swali hili kabla ya kusaini chochote, kwa sababu linaweza kuongeza hitaji la fedha kwa kiasi cha kutisha.

Wapo wanaouza ankara zao kwa taasisi za fedha. Unapata mara nyingi 80% hadi 90% ya ankara mapema, inayobaki unapewa mteja akilipa, baada ya kukatwa ada ya asilimia chache kwa mwezi. Inasaidia, ila angalia mambo mawili. Ada ya 3% ya ankara kwenye faida ya 5% imekula zaidi ya nusu. Kwenye 14% bado unapumua. Pili, soma kama mteja asipolipa kabisa deni linarudi kwako. Mara nyingi linarudi. Na taasisi hizo humpima mteja wako kuliko wewe, kwa hiyo ghala lenye sifa ya kutolipa halitakubaliwa. Hiyo yenyewe ni taarifa ya bure.

Kifungu_kwa_Kifungu alijibu:

Nijibu la ada kwanza kwa sababu ndilo linaloweza kukufungia milango: usiwatoze wanaotafuta kazi. Mkataba wa Kimataifa Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaohusu mawakala binafsi wa ajira, kifungu cha 7 unakataza kumtoza mfanyakazi ada au gharama, moja kwa moja au kwa kuzunguka, yote au sehemu yake. Nchi iliyoridhia inaweza kuruhusu tofauti kwa makundi fulani, lakini lazima ieleze sababu. Mwaka 2019 shirika hilohilo lilichapisha tafsiri ya ada na gharama za kuajiri, na humo zimo vipimo vya afya, bima, majaribio ya ujuzi, mafunzo, vifaa, safari na malazi, na gharama za ofisi. Kwa hiyo "si ada ya usajili, ni ya fomu" haikuokoi. Hata kama sheria ya kwenu ina mwanya, wateja wakubwa hukagua wasambazaji wao, na risiti moja ya fomu kwa mpakiaji inatosha kukupotezea mkataba. Kushika vitambulisho au pasi za watu ni vivyo hivyo: nakili, rudisha palepale.

Leseni: karibu kila nchi inayodhibiti biashara hii hutenganisha anayeunganisha mtu na mwajiri, anayebaki kuwa mwajiri na kumpeleka mtu kwa mteja (huyo ni wewe), na anayepeleka watu nje ya nchi. Usichukue leseni ya kwanza ukafanya kazi ya pili. Nyingi hudai dhamana ya benki au amana, ambayo ni fedha inayolala na haiwezi kulipa mishahara. Iongeze kwenye hesabu ya Daftari. Nyingine zinabana kwa sekta. Uingereza ilipitisha sheria ya Gangmasters (Licensing) Act, yaani ya leseni za wanaosambaza vibarua, mwaka 2004, mwaka uleule ambao waokota kombe (chaza wa pwani) zaidi ya 20 walikufa maji kwenye ghuba ya Morecambe Bay, na leseni hiyo inahusu kilimo, uokotaji wa kombe, na usindikaji na ufungashaji wa vyakula. Anayepeleka watu kwenye sekta nyingine haihitaji, ila akivuka mpaka huo bila leseni ni kosa la jinai, na anayemtumia naye ana kosa.

Uliza pia kuhusu usawa wa malipo. Umoja wa Ulaya, kwa Direktivu 2008/104/EC (agizo la kisheria kwa nchi wanachama), unataka masharti ya msingi ya mfanyakazi wa wakala yawe angalau sawa na ambayo angepata kama mteja angemwajiri moja kwa moja kwa kazi ileile. Palipo na sheria ya namna hiyo, mshahara wa 100 unaweza kukataliwa ikiwa wapakiaji wa ghala wenyewe wanalipwa 120, na bei yako yote inabadilika.

Kuhusu mkataba na mteja, mengi ni ya kawaida, mwanasheria atayaweka. Haya hapa usiyaachie hewani.

Aina ya kazi iandikwe kwa jina, na mteja akatazwe kuibadilisha bila ridhaa yako ya maandishi. Mpakiaji anaambiwa "panda foklifti (mashine ya kuinua mizigo) usogeze hiyo" saa nane usiku na msimamizi wa zamu, hana cheti, bima yako haikumwandikisha kwa mashine. Ajali hiyo itawatafuta nyote wawili, lakini mwajiri ni wewe.

Mshahara wa kima cha chini au michango ikipanda kwa sheria, bei ipande siku hiyohiyo bila majadiliano. Bila kifungu hiki, nyongeza ya 8 kwenye mshahara inafuta ile 7.1 yote na kukuachia deni.

Mteja akifuta zamu baada ya watu kufika getini, alipe saa 4 angalau. Atakachobishana ni muda wa taarifa; kubali taarifa ya saa 12 kabla ya zamu, usishuke zaidi.

Usalama: nani anatoa mafunzo ya siku ya kwanza, nani anatoa vifaa, nani anaandika ripoti ya ajali na ndani ya saa ngapi. Usiandike "pande zote zitashirikiana". Andika nani.

Upotevu wa mizigo: usikubali kuwajibika kwa mali iliyo chini ya usimamizi wa mteja. Mkiweka wajibu wowote, uwe na kikomo cha fedha. Ankara ya wiki moja haiwezi kubeba kontena zima.

Akitaka kumwajiri mtu wako moja kwa moja, alipe ada inayopungua kadiri mtu alivyokaa, na iishe baada ya muda, tuseme saa 900 alizolipia. Mfanyakazi mwenyewe usimfunge. Kuna nchi zinazokataza kabisa kumzuia asiajiriwe na mteja.

La mwisho, haki ya kusimamisha huduma ankara ikipita siku kadhaa za kucheleweshwa. Isipokuwemo, ukiondoa watu wewe ndiye uliyevunja mkataba.

Nyongeza kidogo: wafanyakazi wa mteja wakigoma, usipeleke watu wa kuziba nafasi. Pendekezo Na. 188 la mwaka 1997, linaloandamana na ule Mkataba Na. 181, linasema hivyo waziwazi, na sheria za nchi nyingi zinakataza.

Ratiba_ya_Zamu alijibu:

Wenzangu wamesema ya ofisini. Kazi yenyewe inaharibikia getini saa 12 asubuhi.

Mteja akitaka 20, uwe na 23 au 24 waliokwisha sajiliwa, kupimwa na kupewa maelezo ya ghala. Piga simu au tuma ujumbe jioni ya kuamkia zamu, na tena saa 2 kabla ya kuanza. Asiyejibu mara ya pili, mwamshe wa akiba. Wa akiba umlipe chochote kwa kusubiri. Ukimweka bure mara tatu, mara ya nne hatapokea simu.

Kabla hujamtafuta mtu hata mmoja, nenda ghalani na fomu ya ombi. Uzito wa mzigo mzito kuliko yote ni kilo ngapi, na unainuliwa mara ngapi kwa saa? Mizigo inatoka sakafuni au juu ya kichwa? Kuna baridi ya friji? Choo, maji ya kunywa, mahali pa kuacha nguo? Msimamizi wa kila zamu anaitwa nani? Mapumziko yanalipwa? Usafiri wa usiku ni wa nani? Kwenye "wapakiaji 20" peke yake utapeleka watu 20, na 6 watarudishwa siku ya kwanza kwa sababu mzigo ulikuwa wa kilo 50, nao waliambiwa maboksi.

Mfanyakazi aanze akiwa amekwisha saini mkataba wake na wewe: jina la mwajiri (wewe, si ghala), mshahara, siku ya malipo, makato yote, mahali, na nani wa kupigiwa akipata tatizo. Mpe nakala, na ausome kwa lugha anayoielewa.

Saa za kazi ndizo fedha zako, kwa hiyo zikusanywe kila siku, si mwisho wa wiki. Karatasi ya mahudhurio iwe na jina, namba, aliingia, alitoka, mapumziko, na saini ya msimamizi wa mteja mwishoni mwa zamu. Ghala likiwa na mashine ya getini, amueni kwenye mkataba ni kumbukumbu ipi inayoshinda zikigongana. Mashine hukata dakika, karatasi huzungusha kwenda juu. Kwa watu 20, robo saa kila siku ni saa 25 kwa wiki za kubishania, na ankara nzima inakaa mezani ikisubiri saa hizo 25. Ikitokea, omba walipe sehemu isiyo na ubishi kwanza.

Sasa nyapara. Ukimwachia mtu mmoja achague watu, aandike saa na agawe mishahara, umefungua kiwanda cha wafanyakazi hewa. Majina 22 kwenye karatasi, watu 20 sakafuni, na wawili wa juu ni wake. Au majina ni halali ila kila mmoja anakatwa kidogo ili aitwe kesho. Tenganisha hizo kazi tatu. Mshahara uende moja kwa moja kwenye akaunti au simu ya mfanyakazi, kwa jina lililo kwenye kitambulisho chake. Fika bila taarifa uhesabu vichwa, hasa zamu ya usiku. Akaunti moja ikipokea mishahara ya watu wawili, usilipe mpaka upate maelezo.

Mtu akigombana na msimamizi wa ghala, mteja hukupigia na kusema "huyo asirudi". Unaweza kumwondoa kwenye eneo lile. Kumfukuza kazi ni jambo jingine, linataka sababu na utaratibu kwa sheria ya kwenu, kwa kuwa hasira za mteja hazikuondolei wajibu wa mwajiri. Hapo ndipo wengi hupelekwa kwenye mabaraza ya usuluhishi wakiwa hawana hata barua moja kwenye faili.

Mlango_wa_Pili alijibu:

Mimi napingana kidogo na mnavyompeleka. Kwa nini abebe mishahara yote hiyo? Aanze na kutafutia kampuni waajiriwa wa kudumu. Anamtafuta mhasibu au fundi umeme, mteja anamwajiri mwenyewe, wakala analipwa ada mara moja. Katika masoko mengi ada ni 15% hadi 25% ya mshahara wa mwaka wa kwanza, kwingine mshahara wa mwezi mmoja au miwili. Hakuna mishahara ya kila wiki, hakuna bima ya ajali. Akikusanya ada chache, anaingia kwenye kusambaza wafanyakazi na mtaji wake mwenyewe.

Kikokotoo alijibu:

Mlango, hoja yako ina uzito kwa mtu asiye na mteja. Huyu anaye mteja wa wapakiaji. Kutafuta wapakiaji 24 na kutafuta mhasibu mmoja ni fani mbili. Orodha ya watu haifanani, wala anayefanya uamuzi upande wa mteja si yuleyule. Ada hizo pia zina dhamana: mtu akiondoka ndani ya siku 60 au 90 unatafuta mwingine bure au unarudisha fedha. Kwa hiyo ada ya leo usiihesabu kuwa mtaji wa kesho mpaka siku hizo zipite. Lakini ndiyo, kama leseni inaruhusu yote mawili, ada moja moja za namna hiyo hupoza njaa ya fedha.

Mwanzilishi20 alijibu:

Asanteni sana wakuu. Nimemrudia mwenye ghala na hesabu. Hawezi kuvuka 145, ila yuko tayari kutoa vifaa vyote vya kinga yeye mwenyewe. Ankara ya kila wiki kaikataa. Kakubali kila wiki 2, alipe ndani ya siku 14. Saa za ziada kakubali ziwe na bei yake. Mtaji nilionao ni karibu 230,000 kwa vipimo vyetu. Niingie au niache?

Daftari_la_Fedha alijibu:

Kwa watu 20, usiingie. Ankara ya kwanza siku ya 14, siku 14 za kulipa zinafika 28, kuchelewa 10, fedha inaingia siku ya 38. Mishahara imelipwa mara 5: 450,000, na michango ya mwezi wa kwanza kama 46,000. Huna.

Kwa watu 8, mishahara ni 36,000 kwa wiki, mara 5 ni 180,000, na michango karibu 18,500. Jumla 198,500. Unabakiwa na 31,500 za dharura. Ni finyu lakini inawezekana, mradi leseni na dhamana vimelipwa nje ya hizo 230,000. Mwambie unaanza na zamu moja ya watu 8 kwa mwezi na nusu, kisha unaongeza ankara mbili za kwanza zikilipwa kwa wakati. Na usikubali watu wapya 12 kwa mpigo hata akikubembeleza. Kila mtu mpya anakula mishahara 5 kabla hajaleta senti.

Kikokotoo alijibu:

Bei: ukiondoa vifaa, gharama yako ni 129.9, unabakiwa na 15.1 kwa saa, kama 10% ya ankara. Watu 8 ni saa 360, yaani karibu 5,400 kwa wiki. Haitoshi kumlipa msimamizi, kwa hiyo zamu utazisimamia mwenyewe mpaka wafike watu 20, ambapo ni karibu 13,600 kwa wiki. Usiuze ankara kwa bei hii. 3% ya 145 ni 4.35, utakuwa umegawa zaidi ya robo ya faida.

Tafuta mteja wa pili kabla ya kuongeza watu kwa huyu wa kwanza. Ukiwa na mmoja tu, akichelewa wiki 3 umefungwa wewe, si yeye.

Kifungu_kwa_Kifungu alijibu:

Kwa kuwa vifaa vinatoka kwake, kiandikwe kifungu: orodha ya vifaa, saizi, muda wa kubadilisha, na kwamba mtu asiye na vifaa hatapanda sakafuni lakini saa zake zinalipwa. Buti zisipokuwepo siku ya 1, atakuomba uwaruhusu waanze na viatu vyao "kwa leo tu". Kataa kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha, na uuhifadhi.

Ratiba_ya_Zamu alijibu:

Na kwa watu 8, sajili 10. Umuulize pia uzito wa mzigo, naona bado hujautaja.